Pipa Lisiloulizwa Hali

Kitendawili.

Sema "tega", usinitazame tu. Haya. Nikiwa mdogo wananiuliza, naishi. Nikiwa mkubwa wananiinamia, nakufa.

Muwa? Siyo. Mti? Mti nani anauuliza? Mwana wa mfalme? Umekaribia, lakini siyo. Basi umeshindwa, nipe mji. Usinipe Tabora wala Mombasa, hiyo nilishapewa na wajukuu wengine mpaka nimechoka kuitawala. Nipe mji ambao bado haujatolewa na mtu. Maradufu? Ahsante, umenipa Maradufu. Basi nilikwenda Maradufu, nikamkuta mwanamke anaitwa Mwasiti amembeba binti yake mgongoni. Kuanzia hapo mimi simo tena. Hadithi ni yake.

Mwasiti alikuwa mpishi wa togwa. Kwao hakukuwa na harusi wala jando ambalo togwa yake haikunywewa, na alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu akiwa mwari mpaka nywele zikaanza kumgeuka. Shuleni aliishia darasa la nne. Lakini chungu alikuwa anakisoma: akikinusa tu anajua kimelala vizuri au kimekosana na mtu.

Binti yake, Siwema, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alijikata na jembe chini ya goti, kidonda kikafumba juu kikaoza ndani, na mstari mwekundu ukaanza kupanda pajani kama siafu wanaotafuta njia. Muuguzi wa zahanati aliuwekea alama kwa kalamu ya wino pale ulipofika. Akasema, "Mama, mstari huu ukivuka nyonga tusidanganyane. Ipo dawa inayotoka kwenye ukungu, wanaitengeneza nchi ya Maradufu. Vijiko saba, siku saba, bila kuruka hata moja. Ukiruka, ugonjwa unajifunza, unarudi na akili."

Safari sikusimulii. Njia ni njia, na mtoto mgonjwa mgongoni hana uzito mpaka umtue.

Langoni mwa Maradufu alikaa karani mnene mwenye kofia ya ukindu. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Mdogo au mkubwa?"

"Mdogo tu, baba," akasema Mwasiti.

Uso wa karani ukakunjuka. "Afadhali. Umeamkaje, mama? Na binti, mguu unamgonga au unamchoma? Mmekula? Mmekula nini? Kilitulia tumboni?" Akauliza mpaka habari za mbuzi walioachwa nyumbani, na kila jibu aliliandika kwa mwandiko mzuri wa kulala. Mwasiti akajisemea moyoni, hii nchi ina adabu. Kwao mtu akikuuliza hali mara tatu, ameshakupenda.

Wakiwa hapo, kiti kikubwa kikapita kimebebwa na watu wanane. Juu yake alikaa mzee mmoja, Mtukufu Kapandila, mkubwa wa wakubwa wa nchi ile. Jua lilikuwa la saa sita, naye alikuwa amevaa majoho kumi na moja, moja juu ya jingine, maana huko mtu akipandishwa cheo anaongezewa joho wala halivuliwi lile la zamani. Watu wote wakainama. Mwasiti naye akainama; lakini alikuwa amelelewa, na aliyelelewa hapiti mbele ya mzee kimya.

"Shikamoo, Mtukufu," akasema. "Umeamkaje?"

Wabebaji wakasimama. Karani akaacha kalamu. Mzee akageuza uso taratibu, mdomo wake ukafunguka kidogo, kama mtu anayetafuta jina la rafiki wa utotoni. Kando yake alitembea Waziri wa Kuzidisha, mtu mwembamba mwenye ubao wa hesabu kifuani. Waziri akainua kidole kimoja. Mdomo wa mzee ukafungwa, kiti kikaenda zake. Shikamoo ile ikabaki hewani, haina wa kuiitikia.

"Mama," karani akanong'ona, "umefanya nini? Mkubwa haulizwi hali. Ndiyo sheria ya kwanza."

"Akiumwa je?"

"Mkubwa haumwi."

"Haya, akifa?"

"Akifa tunamzika kwa ngoma siku tatu. Hatuulizi amekufa na nini. Ni utovu wa adabu kumuuliza marehemu jambo ambalo hakuulizwa akiwa hai." Akapekua kitabu cha adhabu kwa huzuni. "Utafagia Jumba la Pipa mpaka Pipa litoe dawa. Ni adhabu ndogo ya mtu mdogo. Usinune, dawa unayoitafuta iko humo humo."

Jumba la Pipa lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa kidogo, kama jiko la mtu mwenye watoto wawili, na humo alifanya kazi mwanamke anaitwa Tindi, kucha fupi, mikono inanuka sabuni. Rafuni alikuwa na chupa kumi na mbili zenye vizibo vya pamba. Ndani ya kila chupa ukungu wa kijani ulitanda juu ya maji, kama ule wa mkate uliosahauliwa kabatini. Tindi alikuwa akizipitia moja moja.

"Umeamkaje wewe? Leo umepoa, vizuri. Na wewe mbona umevimba, nani kakuudhi? Haya, ngoja nikupunguzie." Huku anashika kila chupa kwa kiganja, anaitikisa polepole ipate hewa, ananusa, anatia sukari punje kwa punje.

"Unaongea nazo?" Mwasiti akauliza.

"Nisipoongea nazo nitajuaje?"

Mwasiti akampenda hapo hapo.

Chupa zote kumi na mbili, kwa siku mbili, zilitoa kijiko kimoja cha maji ya manjano. Kimoja. Na katika ukumbi wa jirani walilala wagonjwa arobaini na watatu, Siwema akawa wa arobaini na nne. Siku hiyo ya kufika kwao Tindi alimpa Siwema kijiko hicho, maana mstari wake ndio ulikuwa mrefu kuliko wa wote. Asubuhi yake mstari ukawa umeshuka vidole viwili chini ya alama ya wino, na Siwema akaomba uji. Asubuhi iliyofuata ulikuwa umepanda vidole vitatu, na uji ukabaki kwenye bakuli. Mwasiti aliupima kwa vidole vyake mwenyewe, akaupima tena kwa vya mkono wa kushoto, kama vile vya kushoto vingekuwa na huruma zaidi.

"Ndiyo maana tuna Pipa," Tindi akasema, lakini hakusema kwa furaha.

Pipa lilikuwa chumba cha nyuma. La shaba, refu kama nyumba ya ghorofa, lenye tumbo la kuingiza chupa elfu kumi. Ukungu wake ulitiwa asubuhi ile ile Mwasiti alipofika, nalo lilikuwa Pipa la Nne. Watangulizi wake watatu walilala nyuma ya jumba chini ya mawe mazuri yaliyochongwa, na maua yao yalimwagiliwa kila siku. Kila moja lilikufa siku ya nne.

"Yalikufa na nini?" akauliza Mwasiti.

"Umeanza tena, mama Siwema."

Sasa nikwambie sheria ya pili ya Maradufu, ambayo mlinzi wake ndiye yule Waziri wa ubao. Inasema: kilicho kizuri kidogo, kizidishe, nacho kitakuwa kizuri mara hizo hizo. Waliona kuku anaatamia mayai kumi na mawili akatotoa kumi na mawili. Wakamwekea elfu moja na mia mbili, wakakaa kusubiri vifaranga. Waliona mama mmoja anamwimbia mtoto analala kwa muda wa kuchemsha chai. Wakaweka waimbaji arobaini katika nyumba ya watoto yatima, na tarumbeta mbili, ili watoto wawahi kulala. Watoto wa nyumba ile wote walisoma shule wakisinzia. Waziri akaongeza waimbaji.

Kwa Pipa nako hesabu ilifanywa. Chupa moja hula kijiko cha sukari mpaka dawa iive. Kwa hiyo Pipa lilimiminiwa vijiko elfu kumi, vyote siku ya kwanza, kwa vigelegele. Chupa hupumua kwa kizibo cha pamba cha ukubwa wa kidole gumba. Kwa hiyo Pipa lilizibwa kwa godoro la pamba, sita kwa sita, wakalishindilia kwa miguu. Chupa hutikiswa, kwa hiyo kila saa mbili asubuhi baragumu ililia na mji mzima uliruka mara tatu kwa pamoja ili Pipa litikisike. Wajawazito walisamehewa, wao walipiga makofi.

Mwasiti alipiga hesabu ile kwa darasa lake la nne, akapata jibu lile lile la Waziri. Hesabu haikuwa na kosa. Hapo ndipo palipomtisha.

Asubuhi ya tatu alikuwa anafagia. Katika kufagia kwake alikuwa amejuana na mjusi wa ukutani aliyeishi ubavuni mwa Pipa. Siku ya kwanza mjusi alilala katikati ya tumbo la Pipa kama mwenye nyumba. Siku ya pili alihamia ukingoni. Siku hii ya tatu Mwasiti alimkuta ukuta wa pili, amelitazama Pipa kwa mbali.

"Umefukuzwa na nani, jirani?" akamuuliza.

Akaweka ufagio chini. Akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akageuza mkono na kuliwekea Pipa mgongo wa mkono, si kiganja. Kiganja cha mpishi kimezoea moto, hakisemi kweli. Mkono ule ule alikuwa ameuweka kwenye paji la Siwema alfajiri. Lilikuwa joto lile lile.

Akanusa kwenye ukingo wa godoro. Harufu aliijua: ya togwa iliyofungiwa kwenye kopo lenye mfuniko mgumu. Povu lilikuwa linachungulia pembeni, linapasuka polepole, kama mtu anayetaka kusema neno na kuliacha.

"Unaumwa, baba?" Mwasiti akalinong'oneza. Kwa neno hilo akawa amevunja sheria mara ya pili.

Akaenda kumwita Tindi. Tindi alisita mlangoni. Miaka sita ya kazi hakuwahi kuligusa Pipa lolote. Aliponyoosha mkono na kuugeuza kama alivyoonyeshwa, alikaa sakafuni.

"Yote matatu," akasema. "Yote matatu yalikuwa na joto hili hili, na mimi nilikuwa hapo nyuma ya ukuta ninaziuliza chupa zimeamkaje."

Mwasiti hakumwambia usilie. Alimsubiri, kisha akampa upindo wa kanga ajifute.

"Baraza la wakubwa linakaa saa tatu," Tindi akasema alipomaliza. "Lakini mdogo hasemi barazani. Anajibu tu, akiulizwa hali."

"Na akiulizwa hali, anajibu kwa muda gani?"

Tindi akafikiri. "Sheria inasema asikatizwe mpaka amalize."

"Basi mwenzangu, leo uniulize hali."

Barazani walikuta mjadala umeshakolea. Mkubwa mmoja alisema Pipa la Tatu lilikufa kwa sababu mtaa wa wafinyanzi waliruka kwa unafiki, visigino havikuacha ardhi. Mwingine alisema kasoro ni heshima: chupa inaitwa chupa, lakini Pipa lilipaswa kuitwa Mtukufu tangu siku ya kwanza. Wa tatu, mwenye majoho sita, alikuwa na wazo alilolipenda sana. Pipa la Tano liwe kubwa mara kumi, ili kifo kikianza chini kisiwahi kufika juu. Wengi wakatikisa vichwa kwa kukubali, na Waziri akaanza kuhesabu shaba itakayohitajika.

Juu yao wote alikaa Mtukufu Kapandila, ndani ya majoho yake kumi na moja.

Tindi akasimama. "Mama Siwema," akasema, "hujambo?"

Baraza likageuka. Swali lilikuwa la halali.

"Sijambo kidogo," akajibu Mwasiti, ameshika ufagio wake kama mkongojo. "Nimeamka, nimekula kiporo cha viazi. Mgongo unaniuma upande huu. Mwanangu hajala. Ana joto, na mstari wa mguu wake umebakiza vidole vinne kufika nyonga. Nimeacha nyumbani mbuzi wawili na jirani anayewapenda kupita kiasi. Ndiyo hali yangu. Na sehemu nyingine ya hali yangu ni hii: nimelishika Pipa, nalo lina joto kama mwanangu."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mabua. Waziri akainuka. "Huyu mwanamke anatoa hali ya mkubwa ambaye hakuulizwa."

"Natoa hali yangu, baba. Mkono uliolishika ni wangu." Kisha akaendelea, maana sheria ilimlinda. "Wenzangu, nani hapa amekula ugali wa matanga?"

Nyuso zao zilikumbuka.

"Ugali wa watu wawili unapoa kabla hujamaliza kunawa. Wa matanga, unaosongwa kwa mwiko kama kasia, umeiva saa sita, na saa kumi ukichimba katikati bado unakuunguza vidole. Unga ni ule ule, maji ni yale yale. Lakini ule mdogo kila tonge liko karibu na nje, na ule mkubwa katikati hakuna njia ya kutokea. Sasa ukungu nao ukila sukari unatoa joto, kama sisi tukila. Katika chupa, joto linatoka. Katika Pipa linatoka liende wapi? Na ninyi mmempa chakula cha siku zote kwa siku moja, halafu mmemfunika godoro usoni."

"Kwa hiyo mama anasema hesabu ni uongo," akasema Waziri.

"Hesabu ni kweli tupu. Ugali ndio haujaenda shule."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.

"Unataka nini basi?" akauliza yule wa majoho sita.

"Nataka kumuuliza. Nichote kijiko nitazame, ninuse, nipime joto. Akisema anaungua, nimvike majamvi mabichi. Akisema hapumui, nimpulizie. Akisema ana njaa nimpe kidogo, na akisema ameshiba nimwache. Tindi anafanya hivyo kila siku na chupa zake, na chupa haikufa hata moja."

Waziri wa Kuzidisha hakuwa mtu mbaya, nisije nikakudanganya. Aliweka ubao wake juu ya meza, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka kuliko watu walivyoizoea. "Mama, Pipa akiulizwa leo, kesho ataulizwa Mkuu wa Maghala. Kesho kutwa nitaulizwa mimi. Na mimi," akaupapasa ubao, "mimi nitasema nini?"

Baraza zima likajitazama ndani ya majoho.

"Sheria ya kwanza haiwezi kufunguliwa na mimi," Waziri akamalizia. "Inafunguka tu mkubwa kuliko wote akiulizwa, na akajibu. Na hajawahi kujibu."

Macho yote yakapanda juu kwa Mzee Kapandila.

Mwasiti naye akamtazama, na mara hii alimtazama kwa jicho la mpishi. Aliona jasho linavyoshuka kutoka kwenye kilemba, linapita kando ya sikio, linapotelea kwenye shingo ya joho la kumi na moja, halionekani tena. Aliona kifua kinapanda kidogo tu, kama mtu anayepumulia kwenye mto. Akaona mikono imelala kwenye magoti kama vitu vilivyosahauliwa na wenyewe. Akapanda ngazi tatu za baraza, na hakuna aliyemzuia, kwa sababu sheria haikuwahi kufikiri kwamba mfagiaji angezipanda. Akapiga goti.

"Baba," akasema, "siku ile langoni nilikusalimu. Sikufanya kwa utundu. Kwetu ukimsalimu mzee asikuitikie, hulali, unajiuliza amepatwa na nini. Mimi sijalala siku mbili, nusu kwa ajili ya mwanangu, nusu kwa ajili yako. Shikamoo. Umeamkaje?"

Najua. Najua roho yako haiko hapo ngazini, iko kule ukumbini kwenye ule mguu, na hata nikikwambia mzee alisema nini hutanisikia. Basi nikutulize kwanza, kisha turudi.

Siku ile ile godoro liliondolewa. Pipa likavikwa majamvi ya ukindu yaliyoloweshwa, na watu wa mtaa wa wafinyanzi, wale waliosingiziwa unafiki, wakapanga mstari wa ndoo kutoka kisimani mpaka pale, majamvi yasikauke. Wafua chuma walileta mivukuto yao; wakapitisha bomba mpaka chini kabisa ya Pipa, na hewa ikapulizwa kutoka chini kwenda juu, baada ya kupita kwenye pamba ambayo Tindi aliikausha motoni, isije ikaingia na wageni wachafu. Povu lilipopanda, Mwasiti alidondosha mafuta ya nazi matone manne, likaketi kama mtoto aliyekatazwa. Badala ya kuruka, walitia kafi kubwa la kukoroga, likageuzwa na punda mpole. Sukari ikawa inatiwa kwa kata, na kabla ya kila kata Tindi anachota kijiko, anatazama, anauliza. Mara nyingine jibu lilikuwa bado, nao waliondoka na kata yao imejaa.

Siku ya nne Pipa halikufa. Baragumu ilipigwa hata hivyo na mji ukaruka, maana walikuwa wameshazoea, na mpaka leo wanaruka. Wanasema inasaidia mmeng'enyo.

Siku ya tano chupa za Tindi zilitoa kijiko chao kimoja, na zamu ilikuwa ya mzee mmoja mwenye jipu la sikio. Alikitazama kile kijiko, akatazama kitanda cha Siwema, akasema, "Mpeni huyo. Sikio langu lilishasikia mengi, linaweza kusubiri." Kijiko hicho kiliusimamisha mstari ukiwa umebakiza kidole kimoja. Hakikuushusha, kiliusimamisha tu, na Mwasiti alikaa ameweka kidole chake pale palipobaki kama mtu anayeziba tundu la mtumbwi. Siku ya nane Pipa lilitoa maji ya manjano ndoo kwa ndoo. Siwema akanywa vijiko saba kwa siku saba bila kuruka, na yule mzee wa sikio naye akanywa, na wote arobaini na wanne. Siwema ana kovu dogo chini ya goti, umbo la punje ya kunde. Akichota maji anafunga kanga juu kidogo ili lionekane.

Na walipotaka Pipa la Tano, Mwasiti aliwaambia kijiko cha chachu hakitupwi baharini. Wakuze ukungu kutoka chupa kwenda mtungi, kutoka mtungi kwenda kasiki, kutoka kasiki kwenda Pipa, na kila wanapomhamisha wamuulize safari ilikuwaje. Mawe ya yale makaburi matatu bado yapo. Tindi aliongeza mstari mmoja chini ya kila jiwe: Alikufa kwa joto.

Umetulia sasa? Haya. Lakini yote hayo, ndoo na mivukuto na kovu la punje ya kunde, yalikuwa bado hayapo. Yalikuwa yanangoja neno la mzee mmoja, na jibu la kitendawili changu lilikuwa humo humo. Mji wako nimekurudishia, nisikilize.

Mwasiti amepiga goti ngazini, ufagio kando yake. Mzee Kapandila akamtazama. Mdomo wake ukafunguka kidogo kama siku ile langoni. Waziri wa Kuzidisha akainua kidole. Kisha akakitazama kile kidole kama cha mtu mwingine, akakishusha polepole, akakificha nyuma ya ubao.

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. Sauti ilikuwa imepauka, kama nguo iliyokaa sandukuni. Akaingiza kidole kwenye shingo ya joho la juu, akalivuta lisimguse koo. "Sijaamka vizuri. Ni miaka ishirini na miwili sijaamka vizuri. Humu ndani kuna joto, na sipumui."